Kamera iliyomkataa, na mbili zilizomrudisha kazini

Dada ninayemsimulia hapa ndiye aliyenifundisha kushika kamera. Kwa hiyo siku aliponipigia simu akasema, "Mdogo wangu, mashine imenikataa," nilijua hazungumzii kitufe cha kupigia picha, shata, kilichokwama. Amepiga harusi na picha za watu kwa zaidi ya miaka 15. Miaka minne kabla ya simu ile madaktari walimwambia ana baridi yabisi, ile aina ambayo kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Mikono yake yote miwili imeguswa, wa kulia zaidi: kifundo cha mkono, vifundo vya vidole pale vinapoungana na kiganja, na shina la kidole gumba. Dawa zimemsaidia sana. Anaandika, anaendesha gari, anafanya kazi zake za nyumbani. Lakini kila baada ya harusi alikuwa akikaa siku mbili bila kuweza kufunga vifungo vya nguo.

Alikuja na swali moja: kamera gani ni nyepesi kuliko zote? Ninakiandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu nililijibu swali hilo kama lilivyoulizwa, na jibu langu lilimuumiza. Ameniruhusu nikieleze, bila jina lake.

Alichokuwa anabeba

Tulianza na mizani ya jikoni. Kamera yake ni Canon EOS 5D Mark IV, gramu 890 ikiwa na betri na kadi. Lenzi anayoshinda nayo ni 24-70mm f/2.8 (milimita zinasema inavuta picha karibu kiasi gani, f ni uwazi wa kupitisha mwanga: namba ndogo, mwanga mwingi), toleo la pili, gramu 805. Jumla gramu 1,695. Akipachika fleshi na betri zake nne, anavuka kilo mbili. Akiweka ile 70-200mm f/2.8 yenye gramu 1,490, anashika kilo 2.4 kabla hata fleshi haijapanda juu.

Namba hizo peke yake hazikutuambia mengi, maana kilo mbili mtu yeyote ananyanyua. Nikamwomba faili zote za harusi moja, hata picha alizozikataa, nikazipanga kwa saa na sekunde zilipopigwa. Picha zilizofuatana kwa sekunde chache nilizihesabu kuwa mnyanyuo mmoja. Ilikuja minyanyuo 700 hivi. Zidisha 700 kwa kilo 1.695 unapata tani moja na ushee, kwa siku moja, kwa mkono ambao asubuhi yake ulishindwa kufungua kizibo cha chupa.

Aliiangalia namba ile kwa muda. Kisha akasema, "Kumbe. Nilidhani nimekuwa mvivu."

Nataka wanaofanya kazi na watu wenye ulemavu wa viungo waisikie sentensi hiyo. Kwa miaka minne alikuwa akijilaumu, na hakuna aliyewahi kukaa naye wakapiga hesabu.

Jibu langu la kwanza

Nilifanya kile ambacho wengi wetu tungefanya. Nilifungua orodha za vipimo nikatafuta kamera ndogo kuliko zote inayobadilisha lenzi na kutoa picha za kuuzika, nikaangukia Panasonic Lumix GM1 ya mwaka 2013. Gramu 204 ikiwa na betri na kadi. Upana wake haufiki sentimita 10, na kimo chake ni sentimita tano na nusu. Ukiiwekea lenzi bapa ya 20mm f/1.7 yenye gramu 87, kifurushi kizima ni gramu 291. Niliazima moja nikampelekea, nikiamini nimemaliza kazi.

Siku ya nne aliirudisha. Gumba la kulia lilikuwa limevimba, na hakuwa amepiga harusi yoyote, alikuwa akiijaribu tu nyumbani.

Nilimwomba aishike tena mbele yangu, safari hii nikauangalia mkono, si kamera. Ndipo nilipoona. Ile 5D ina tuta nene la kushikia upande wa kulia. Vidole vitatu vinalizunguka, kiganja kinajaa, mzigo unagawanyika mkono mzima. GM1 haina tuta. Ni bapa kama kiboksi cha sabuni. Isidondoke, dada alikuwa akiibana kwa ncha ya gumba nyuma na ncha ya kidole cha kati mbele, vile mtu anavyobana ufunguo mlangoni. Mbano wa namna hiyo hauishii kwenye ncha. Unaposukuma kidogo kwa ncha ya gumba, shina lake linabeba msukumo mkubwa kuliko huo mara nyingi, na shina ndilo lililokuwa bovu kwake. Ndiyo sababu wataalamu wa tiba kwa kazi, wanaowasaidia wagonjwa kumudu shughuli za kila siku, huwashauri wenye baridi yabisi wanenepeshe mipini ya visu, kalamu na miswaki: kitu kinene kidogo kinashikwa kwa kiganja, kitu chembamba kinabanwa kwa ncha. Ushauri huo niliujua kwa visu. Sikuwahi kuufikiria kwa kamera.

Jambo la pili ni kwamba GM1 haina kitundu cha kuchungulia. Unatazama skrini ya nyuma tu, kwa hiyo mikono inakwenda mbele ya mwili. Mkono mzima wa binadamu, kuanzia begani hadi vidoleni, ni kama asilimia 5 ya uzito wa mwili. Kwa mtu wa kilo 60 hiyo ni kilo tatu kila upande. Kamera ya gramu 291 iliyonyooshewa mkono inamlazimisha mtu abebe mkono wake mwenyewe hewani. Kamera nzito zaidi iliyoegemezwa kwenye nyusi, viwiko vikiwa vimebanwa mbavuni, inaungwa mkono na uso na kifua. Yeyote aliyewahi kubeba ndoo ya maji anajua tofauti ya kuikumbatia karibu na mwili na kuinyooshea mbele.

Kwa hiyo kamera nyepesi kuliko zote ilikuwa mbaya kuliko zote kwa mkono huu. Nilimwomba radhi, tukaanza upya.

Daftari la wiki mbili

Safari hii sikugusa orodha yoyote ya kamera. Nilimpa kazi: kwa wiki mbili, kila akishika 5D yake, aandike ni kitendo gani kilichouma na kiungo gani, hapohapo, asisubiri jioni. Jioni mtu hukumbuka tu kwamba "mkono umeuma".

Daftari lile lilinifunza kuliko vipimo vyote. Nilitarajia litajaa neno "kunyanyua". Lilijaa neno "kusubiri". Mpiga picha wa harusi anasimama na kamera imeinuliwa nusu, usawa wa kifua, akingoja machozi, akingoja kicheko, akingoja mzazi ageuke. Dakika tatu, dakika tano. Kiungo chenye baridi yabisi kinachukia kukaza bila kusogea kuliko kinavyochukia kazi fupi. Wakati huo wote mkono wa kulia peke yake ulikuwa umeshika gramu 1,695, na lenzi ya sentimita 11 ikiivuta kamera kwenda chini mbele, kifundo cha mkono kikipambana nayo.

Lililofuata sikulitegemea kabisa. Wapiga picha wengi tumezoea kuitenga fokasi, yaani kulenga picha itoke kali, na shata: gumba linakandamiza kitufe cha nyuma kukaza fokasi, kidole cha shahada kinapiga. Ni mtindo mzuri, na mimi niliufundishwa na yeye mwenyewe. Lakini wakati bwana na bibi harusi wanaingia, gumba lake lilikuwa likikandamiza kitufe kile bila kuachia kwa muda wote wa mwendo wao. Kwenye daftari aliandika mara sita: "gumba, mlangoni." Tulibadilisha mipangilio siku hiyohiyo, fokasi ikarudi kwenye shata. Hatukununua chochote, na wiki iliyofuata maumivu ya gumba yalipungua waziwazi. Ningependa kila mwenye mikono inayouma ajaribu hilo kabla ya kutoa hata senti kwa kamera mpya.

Mengine yalikuwa madogo lakini ya kila siku. Kubadilisha lenzi kunataka mkono mmoja ukandamize kitufe huku mwingine unazungusha, yaani kubana na kusokota kwa pamoja, mambo mawili mabaya kuliko yote kwa viungo vyake. Kuna pete ya kuvuta picha karibu ya ile 24-70, iliyo nzito kidogo kuzunguka. Kuna mlango wa betri unaofunguliwa kwa ukucha, na kadi inayotolewa kwa ncha za vidole viwili.

Chupa ya maji

Tulihitaji kikomo cha uzito, na sikutaka kukikisia. Tukachukua chupa nene ya plastiki, ya kujaza kiganja, tukaipima na maji hadi gramu 300. Akainyanyua hadi kwenye jicho, viwiko mbavuni, akaishika sekunde tano, akashusha. Mara 30. Kisha hatukuuliza "inauma?" Tuliuliza kesho yake asubuhi.

Hapo kuna kanuni ya watu wa tiba kwa kazi ambayo nimeishika: maumivu yakiendelea zaidi ya saa moja au mbili baada ya kazi, kazi ile ilizidi uwezo wa kiungo. Na kwa baridi yabisi asubuhi ndiyo saa ya ukweli, kwa kuwa viungo huamka vimekakamaa, na siku mbaya ukakamavu huo unapita saa nzima. Tuliongeza maji gramu 100 kila baada ya siku mbili. Gramu 400, sawa. 500, sawa. 600, sawa. 700, asubuhi yake vidole vilichelewa kufunguka. Tukarudi 600, sawa tena.

Kwa hiyo kikomo chake kikawa gramu 600, kamera na lenzi yake pamoja, ikishikwa kwa kiganja kizima. Mtu mwingine atapata 350, mwingine 900. Na yeye mwenyewe wiki ambayo ugonjwa umechachamaa hafiki hata 400, jambo tulilolizingatia baadaye.

Meza ya majaribio

Sasa ndipo tukarudi kwenye kamera, tukijua tunachotafuta: chini ya gramu 600 na lenzi, tuta la kujaza kiganja, kitundu cha kuchungulia, skrini inayoinuka, njia ya kupiga bila kutumia gumba la kulia, na njia ya kuepuka kubadilisha lenzi.

Yeye moyo wake ulikuwa kwa Canon EOS R8 ya mwaka 2023, na ninamwelewa. Sensa yake, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni kubwa, milimita 36 kwa 24 kama ile aliyoizoea, lakini ina gramu 461 tu ikiwa na betri na kadi. Mkononi ilimkaa vizuri ajabu. "Hii inanijua," alisema. Pamoja na lenzi ndogo ya 50mm f/1.8 yenye gramu 160 inakuwa gramu 621, karibu na kikomo. Tatizo ni kilichofuata. Alitaka kuendelea kutumia 24-70 yake ya zamani kwa adapta, kiungo cha kufunga lenzi ya zamani kwenye kamera mpya. Fanya hesabu: 461, ongeza 805, ongeza gramu 110 za adapta, unapata 1,376. Amepunguza gramu 319 tu kutoka mzigo wa zamani, na mbaya zaidi, sehemu kubwa ya uzito sasa iko mbele huku kamera yenyewe imekuwa nyepesi, kwa hiyo kifundo cha mkono bado kinavutwa kwenda chini. Hata akinunua lenzi mpya za aina hiyo, ile ya 85mm f/2 inayofaa picha za sura ina gramu 500, na inampeleka 961.

Mtego huu nimeuona kwa watu wengi wenye afya kamili pia. Kampuni zinatangaza uzito wa kamera bila lenzi, lakini hakuna apigaye picha kwa kamera isiyo na lenzi. Sensa kubwa inahitaji lenzi yenye kioo kikubwa, na kioo kizito hakidanganyi mizani.

Fujifilm X-S10 ilikuwa mshindani wa kweli. Gramu 465, tuta lake ni zuri kuliko ukubwa wake unavyoonyesha, sensa yenyewe inatulizwa dhidi ya mtikisiko. Pamoja na 50mm f/2 yenye gramu 200 inafika 665, na pamoja na 23mm f/2 yenye gramu 180 inafika 645. Imepita kikomo kwa kidogo. Kama chupa ya dada ingesimama kwenye 700, ningemshauri hii bila kusita, na kwa mwenye mkono mmoja dhaifu badala ya miwili bado ndiyo ningeanza nayo.

Tulichochagua ni Olympus OM-D E-M10 Mark IV ya mwaka 2020, ya familia ya sensa ndogo ambayo Olympus na Panasonic waliianzisha mwaka 2008. Sensa yake ni milimita 17.3 kwa 13, eneo lake kama robo ya ile ya 5D. Kamera ni gramu 383. Na hapa ndipo sensa ndogo inapolipa deni lake: lenzi ya 45mm f/1.8, ambayo kwa mtazamo ni sawa na 90mm kwenye kamera yake ya zamani, ina gramu 116 na urefu wa chini ya sentimita tano. Ya 17mm f/1.8, sawa na 34mm, ina gramu 120.

Alichukua mbili. Moja ina 17mm, nyingine 45mm, na hazifunguliwi kazini kamwe. Gramu 503 na gramu 499. Zote mbili kwa pamoja ni gramu 1,002, pungufu ya ile moja ya zamani kwa karibu gramu 700, na pete ya kuvuta imeondoka, kubadilisha lenzi kumeondoka.

Kuifanya iwe yake

E-M10 haikutoka dukani ikiwa tayari kwa mkono ule. Tuta lake ni dogo, na somo la GM1 nilikuwa nimeshalipia. Tulichukua utepe laini unaozungushwa kwenye mpini wa raketi ya tenisi, tukaweka kipande cha sponji ngumu chini yake, tukakijenga kidogo kidogo huku akishika na kuachia, hadi vidole vyake vikakunjika bila kubana. Ilichukua mchana mzima. Ukiiona haipendezi. Lakini mkono wake unaingia pale kama mguu kwenye kiatu kilichoshonwa kwa kipimo chake.

Kilichobadilisha kazi yake zaidi ni skrini. Kwenye kamera hii unagusa uso wa mtu kwenye skrini, kamera inakaza fokasi na kupiga kwa mguso huohuo. Sasa anafanya hivi: kamera inakaa juu ya kiganja cha kushoto usawa wa kifua, viwiko vimegusa mbavu, skrini imeinuliwa kumtazama, mkono wa kulia unaishika tu, na gumba la kushoto ndilo linalopiga kwa kugusa. Gumba la kulia halina kazi yoyote. Wakati wa kusubiri, kamera inalala kiganjani, haining'inii kwenye kifundo. Kitu nisichokitegemea ni kwamba wanaopigwa picha wanalegea zaidi, kwa sababu wanaona uso wake badala ya kioo cheusi.

Swichi ya kuwasha iko upande wa kushoto. Kwa wengi ni usumbufu, kwake ni zawadi. Betri inachajiwa ndani ya kamera kwa waya, kwa hiyo mlango wa betri unafunguliwa kwa nadra, na picha anazihamisha kwa waya au hewani bila kuing'oa kadi.

Mkanda wa shingoni nilitaka kuurudisha, akanizuia. Baridi yabisi inaweza kugusa viungo vya juu vya shingo, na daktari wake alikuwa amemwambia asitundike kitu chochote hapo. Ninalisema kwa mkazo kwa sababu mkanda wa shingoni ndio ushauri wa kwanza anaopewa kila mwenye mikono dhaifu. Anatumia mkanda wa kupitisha begani hadi nyonga ya pili kwa kamera moja, na kifuko cha kiunoni kwa nyingine. Kwa hotuba ndefu ana stendi ya mguu mmoja, ameifupisha na kuisimika chini kwenye kifuko cha mkanda wa kiunoni. Nyonga inabeba, mikono inaelekeza tu.

Habari ya stendi inanirudisha kwa Josef Sudek, mpiga picha wa Prague aliyepoteza mkono wa kulia katika Vita Kuu ya Kwanza. Alitumia kamera kubwa za mbao kwa miaka mingi, nzito kuliko chochote nilichokitaja hapa, kwa sababu zilisimama kwenye miguu mitatu na kazi yake ilikuwa ya subira, dirisha la studio yake na mwanga uliopita pale. Naye Giles Duley, Mwingereza, alipoteza miguu yote miwili na mkono wa kushoto kwa bomu nchini Afghanistan mwaka 2011, na mwaka uliofuata akarudi kulekule kupiga picha. Mkono uliobaki ni wa kulia, na kamera karibu zote zimetengenezwa kwa mkono wa kulia. Aliyepoteza wa kulia ana kazi ngumu zaidi. Yashica iliwahi kutoa toleo la mkono wa kushoto la kamera yake ya Samurai, miaka ya mwisho ya 1980, na sijaona kampuni kubwa ikilirudia wazo hilo kwenye kamera za leo. Inaniuma, kwa sababu kuhamisha kitufe ni jambo dogo kwao na kubwa sana kwa mtu.

Alichopoteza

Sitaki mtu asome hapa akadhani hakuna gharama. Sensa yenye robo ya eneo inakusanya robo ya mwanga kwa lenzi ya uwazi uleule. Ukumbi ukiwa na giza, ukipandisha wepesi wa kamera kwa mwanga (ISO) hadi 6400, picha ya E-M10 ina chembechembe ambazo 5D haikuwa nazo. Programu za kusafisha chembe zinasaidia, lakini ngozi ya uso inalainika kupita kiasi ukizitumia bila uangalifu, na yeye ni mkali sana kuhusu ngozi. Mandhari ya nyuma nayo hayayeyuki vilevile: 45mm f/1.8 kwenye sensa hii inatoa ukungu kama wa 90mm f/3.6 kwenye ile kubwa. Amejifunza kuwasogeza watu mbali na ukuta.

Kubwa zaidi ni fokasi ya vinavyokwenda. Kamera hii inakaza fokasi kwa kulinganisha ukali wa picha tu, na mtu anayekuja mbio kuelekea kwako inampoteza. Maharusi wakiingia, dada haifuati tena hatua yao. Anachagua mahali, anakaza fokasi hapo mapema, anawasubiri wafike. Anapata picha chache, na karibu zote zinafaa. Kwa mpiga picha wa michezo nisingethubutu kumpa kamera hii.

Utulizaji wa sensa unazuia mtikisiko wa mkono wake, ambao maumivu yameuongeza. Hauzuii mtoto anayecheza. Nilimkuta akiutegemea kwa watoto na picha zikatoka na ukungu, tukalirekebisha.

Ile 5D hakuiuza. Iko studio, juu ya stendi ya miguu mitatu, na 70-200 imefungwa kwake moja kwa moja. Anaipiga kwa kidhibiti cha mbali akiwa amekaa kitini. Picha za familia anazipiga hivyo na wateja hawajaona tofauti. Na kwa zile wiki mbaya, za chini ya gramu 400, amekubaliana na msaidizi wake kwamba msaidizi anabeba na kunyanyua, yeye anapanga picha akiangalia kwenye simu iliyounganishwa na kamera, na anapiga kwa kugusa simu. Mwanzoni alilikataa hilo kabisa. Alisema picha ambayo hakuishika si yake. Alilikubali baada ya kuiona moja, ya bibi mzee akicheka na wajukuu, akakiri kwamba kila kitu ndani yake alikichagua yeye.

Harusi yake ya kwanza na kamera mbili ilikuwa Jumamosi, saa tisa za kazi. Niliihesabu minyanyuo yake baadaye: 640, kwa nusu kilo kila mmoja, yaani kilo 320. Jumapili sikumpigia, niliogopa. Alipiga yeye, saa mbili asubuhi. Hakusema salamu. Alisema, "Nimefunga vifungo vyote. Sasa njoo tuangalie hiyo fleshi, maana bado inalemea juu."